Shaba Kifuani: Nishani na Subira za Watumishi wa Lubumbashi

Msomaji wa Mombasa au wa Kisumu akisikia kwamba mtu fulani amezaliwa Kenya, hana haja ya kuuliza zaidi. Lakini katika mji wa Lubumbashi, makao makuu ya jimbo la Haut-Katanga kusini mwa Kongo, jibu hilo lina maana nyingine kabisa, kwa kuwa Kenya ya huko ni komini mojawapo katika saba za mji ule, jirani ya Kamalondo na Katuba, yenye soko kubwa liitwalo kwa jina lake, na watu wake wanasema Kiswahili tangu wazee wao walipokuja, wengine kwa hiari na wengine kwa kuandikishwa, kutafuta kazi ya migodi na reli. Kiswahili chao kina ladha yake, kimechanganyika na Kiluba na Kibemba na Kifaransa, wala si haki kukibeza, maana ndicho kilichohifadhi mambo mengi ambayo vitabu vya serikali viliyaacha.

Mji wenyewe uliasisiwa mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville, miaka minne baada ya kuundwa kwa kampuni ya Union Minière, na tangu siku hiyo hata leo riziki yake hutoka katika shaba. Kwa muda wa robo karne, tangu 1971 hadi 1997, jimbo zima la Katanga liliitwa Shaba. Nami nimependa kuanza na madini haya katika habari ya nishani na medali kwa sababu iliyo dhahiri: nyingi katika alama zile ambazo mataifa huwatundikia watu vifuani, ukiondoa rangi na utepe na mng'ao wa juu, ndani yake ni shaba. Watu wa mji huu wameichimba na kuiyeyusha shaba kwa zaidi ya karne moja, na mimi nauliza ni wangapi miongoni mwao iliyowarudia ikiwa heshima, na waliorudiwa nayo waliipata kwa masharti gani, na baada ya kungoja muda gani.

Isidhaniwe kwamba desturi ya kumpambanua mtu aliyewatumikia wenziwe kwa alama ya kuonekana ililetwa na meli za Ulaya. Katika makaburi ya kale ya Sanga, kando ya ziwa Kisale, wataalamu waliochimba mwishoni mwa miaka ya 1950 walikuta maiti waliozikwa na misalaba midogo ya shaba, na misalaba ya namna hiyo ndiyo iliyokuwa fedha na mahari ya Katanga kwa karne nyingi kabla ya noti yoyote kuchapishwa. Waluba walikuwa na chama cha Mbudye, ambacho wajuzi wake waliidhibiti taarikhi ya wafalme na mashujaa katika ubao uitwao lukasa, uliopambwa kwa shanga na makombe yaliyopangwa kwa hesabu maalumu, hata mjuzi akipitisha kidole chake juu yake akawa anayasoma majina na matendo kama sisi tunavyosoma herufi. Naye Msiri, ambaye ukoo wake ulitoka upande wa Unyamwezi na ambaye aliisimamisha dola ya Garenganze huko Bunkeya mpaka alipouawa mwaka 1891, aliwapa wakuu aliowateua kipande cha kombe la bahari, nao wakakivaa kuwa dalili ya madaraka. Kombe ambalo mvuvi wa Bagamoyo angeweza kulipita ufukweni bila kuliinamia, lilikuwa adhama kuu mahali palipokuwa mbali na bahari kwa mwendo wa miezi.

Hapa yafaa niyaeleze maneno, kwa sababu watu huyachanganya. Nishani kwa maana yake kamili ni daraja ya heshima ambayo mtu huingizwa ndani yake kama aingiavyo mtu katika chama, nayo ina vyeo, kutoka kwa askari wa farasi, ambaye Wafaransa humwita shevalie, mpaka wenye ukanda mkubwa wa kuvuka kifua. Asili ya mpango huo kwa nchi nyingi ni nishani ya heshima aliyoianzisha Napoléon Bonaparte nchini Ufaransa mwaka 1802. Medali ni kitu chepesi zaidi: ni ushahidi wa tendo moja au wa muda wa utumishi, wala haimwingizi mtu katika jamii yoyote. Na hati ya sifa ni karatasi tu, yenye muhuri na sahihi, ambayo pengine hudumu kuliko vyote kwa kuwa hutiwa katika fremu ikatundikwa sebuleni. Yote matatu yana jambo moja la shirika, nalo ni kwamba hutolewa mbele ya hadhira. Heshima iliyotolewa kwa siri haihesabiwi kuwa heshima, kwa kuwa maana yake ni watu kuona na kukiri.

Vita vya 1914 vilipozuka, askari wa jeshi la kikoloni lililoitwa Force Publique walitoka Katanga wakavuka mpaka kwenda kuwasaidia Waingereza kuulinda upande wa Abercorn, mji unaoitwa leo Mbala, kisha wenzao wa mashariki wakasonga mbele kupitia Rwanda na Burundi na Kigoma mpaka wakautwaa mji wa Tabora tarehe 19 Septemba 1916. Jenerali Charles Tombeur aliyewaongoza alipewa ubaroni, na jina la Tabora likafungamanishwa na jina la ukoo wake kwa amri ya mfalme. Lakini jeshi lile halikutembea kwa ushujaa wa majenerali. Lilitembea juu ya vichwa na mabega ya wachukuzi, zaidi ya laki mbili kwa upande wa Wabelgiji peke yao, waliobeba risasi na mchele na vipande vya mizinga kupita mabonde na milima, na wengi wao wakafa kwa kuhara na kwa baridi na kwa uchovu pasipo kuandikwa popote. Kwa upande wa Waingereza hali ilikuwa hiyohiyo, na ukumbusho wake mkubwa kwetu ni jina la Kariakoo huko Dar es Salaam na Kariokor huko Nairobi, majina yaliyotokana na kikosi cha wachukuzi. Vita vilipokwisha, medali ya vita ya Uingereza ilitengenezwa kwa fedha kwa ajili ya wapiganaji, na kwa shaba kwa ajili ya watu wa vikosi vya kazi waliotoka China, Malta na Bara Hindi. Anayesema kwamba medali ni pambo tu na afikiri juu ya jambo hilo: hata katika kushukuru, wenye mamlaka walikuwa na mizani ya kupimia damu ya nani ni fedha na jasho la nani ni shaba.

Mwaka 1941 ndio unaonishughulisha zaidi katika historia ya mji huu. Mapema mwaka huo askari wa Kongo walipelekwa Uhabeshi kupigana na Waitalia. Wakaitwaa Asosa, wakaitwaa Gambela, na tarehe 3 Julai huko Saio Jenerali Pietro Gazzera akasalimu amri kwa Jenerali Auguste Gilliaert pamoja na maelfu ya watu wake. Habari hiyo ilitangazwa kwa fahari kubwa katika koloni lote, nayo ilistahili kutangazwa. Miezi mitano tu baadaye, wafanyakazi wa Union Minière mjini Élisabethville, ambao shaba waliyoichimba ilikuwa ikienda kuitumikia vita ileile, waligoma wakitaka nyongeza ya ujira kwa kuwa bei za vyakula na nguo zilikuwa zimepanda mno. Tarehe 9 Desemba walikusanyika katika uwanja wa mpira, na hapo askari wa serikali wakawapiga risasi; makumi wakafa, akiwamo karani Léonard Mpoyi aliyekuwa msemaji wao. Basi mwaka mmoja, serikali moja, na sare moja ya kijeshi: kule Saio sare hiyo ilipata medali, na hapa nyumbani iliwaua watu ambao utumishi wao katika vita haukuwa mdogo kuliko wa mpiganaji yeyote. Sijui namna ya kuziandika habari hizi mbili katika vifungu viwili mbalimbali. Watoto wa mji huu walizipokea pamoja.

Vita hivyo navyo vikaisha, na jeshi ambalo lilikuwa limefika watu wapatao 40,000 likawa na wastaafu wengi waliouona ulimwengu: waliofika Nijeria, Misri na Palestina, na wale wa hospitali ya vita iliyokwenda Madagaska na hatimaye Burma. Walirudi wakauliza maswali. Jibu la serikali lilikuja tarehe 12 Julai 1948, kwa sura ya kadi ambayo kwa Kiswahili twaweza kuiita Kadi ya Fadhila za Uraia. Mwombaji alitakiwa ajue kusoma, kuandika na kuhesabu; asiwe na wake wawili; asiwe amehukumiwa kwa wizi au udanganyifu katika miaka ya karibuni; tena adhihirishe kwa mwenendo wake kwamba anatamani kwa moyo kuifikia daraja ya juu ya ustaarabu, na ustaarabu huo ulikuwa ule wa Mbelgiji. Aliyepewa kadi hii aliepushwa na adhabu ya kiboko na baadhi ya vikwazo vya kutembea. Mwaka 1952 ikaongezwa daraja ya juu zaidi, ya kuandikishwa karibu sawa na Mzungu mbele ya sheria, na kwa ajili ya hiyo kamati ilifika mpaka nyumbani kwa mwombaji, ikaangalia meza yake na vyombo vyake vya kulia, ikamhoji mke na kuwatazama watoto walivyolala.

Nimeyasoma masharti hayo mara nyingi, na kila mara nashikwa na uchungu uleule. Kuepushwa na kiboko si tuzo. Ni haki ya kila aliyezaliwa na mwanamke, na kumgeuzia mtu haki yake ikawa zawadi ni kumdhulumu mara ya pili. Lakini kasoro kubwa zaidi ya kadi ile ilikuwa katika kile ilichokisifu. Haikuuliza mwombaji amewafanyia nini majirani zake, amemzika nani, amemsomesha nani, amelisafisha soko gani au amelituliza gomvi gani. Iliuliza amejitenga nao kwa kiasi gani. Ilimheshimu kwa kuacha kufanana na watu wake, ilhali heshima ya uraia, kwa akili ya kawaida ya Mswahili wa pwani au wa bara, humwendea yule aliyezidi kuwa wao. Haishangazi kwamba walioitafuta walikuwa wachache na waliopewa wakawa wachache zaidi: kufikia mwaka 1958, katika nchi yenye mamilioni ya watu, kadi zilizotolewa zilikuwa 1,557, na walioandikishwa kwa daraja ile ya juu walikuwa 217. Mmoja katika hao alikuwa karani wa posta mjini Stanleyville aitwaye Patrice Lumumba, ambaye alikataliwa kwanza na baadaye akakubaliwa, mwaka 1954.

Tarehe 17 Januari 1961 mtu huyo, ambaye kwa wakati ule alikuwa amekwisha kuwa waziri mkuu wa kwanza wa Kongo huru na kuondolewa, aliletwa kwa ndege mjini Élisabethville pamoja na wenziwe Maurice Mpolo na Joseph Okito, na usiku uleule wakauawa porini, mahali paitwapo Shilatembo, si mbali na mji. Mwaka 1966 Rais Mobutu akamtangaza kuwa shujaa wa taifa. Mwezi Juni wa 2022 jino lake, kiungo pekee cha mwili wake kilichosalia, lilirudishwa na Ubelgiji, na jeneza lake likatembezwa nchini, likafikishwa mpaka Shilatembo, kabla ya kuzikwa Kinshasa tarehe 30 ya mwezi huo. Leo tarehe 16 na 17 Januari ni siku za mapumziko katika nchi nzima, moja kwa kumkumbuka Rais Laurent-Désiré Kabila na moja kwa kumkumbuka Lumumba, na nishani ya juu ya jamhuri inaitwa kwa majina ya wawili hao, kama vile ile iliyoanzishwa na Mobutu mwezi Mei 1966 ilivyoitwa kwa jina la Chui.

Katika miaka ileile ya kwanza ya uhuru, ilipokuwa Katanga imejitenga chini ya Moïse Tshombe, mji huu uligeuka mahali ambapo askari wa mataifa ya mbali walijipatia medali zao. Tarehe 5 Desemba 1961, kwenye mzunguko wa barabara karibu na uwanja wa ndege wa Élisabethville, Kapteni Gurbachan Singh Salaria wa jeshi la India, akiwa na askari wachache wa Kigurkha chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa, aliushambulia ulinzi uliokuwa umewazidi sana kwa idadi, akajeruhiwa shingoni, akaendelea kupigana mpaka akafa. India ilimtunuku Param Vir Chakra, nishani yake ya juu kabisa ya ushujaa, wala hakuna mlinda amani mwingine wa Umoja wa Mataifa aliyepata kutunukiwa hiyo.

Kisa cha pili ni cha mji wa Jadotville, ambao leo ni Likasi, kaskazini ya Lubumbashi. Mwezi Septemba wa 1961 kikosi cha Waayalandi wa jeshi lilelile la Umoja wa Mataifa, watu 150 na ushei chini ya Kamanda Pat Quinlan, kilizingirwa huko na majeshi ya Katanga na mamluki wao. Walipigana tangu tarehe 13 hadi 17, msaada uliotumwa ukashindwa kuvuka daraja, maji na risasi zikaisha, nao wakasalimu amri bila hata mmoja wao kufa. Waliporudi kwao baada ya kifungo, walitarajia shukrani wakakuta kimya. Kwa kuwa walikuwa wamejisalimisha, jina la Jadotville likawa jambo la kuonewa haya kambini, na wazee hao wakaishi nalo bila kulisema hata mbele ya watoto wao. Quinlan alifariki mwaka 1997. Medali ya kukumbuka ulinzi wao ilitolewa mjini Athlone tarehe 2 Desemba 2017, miaka 56 baada ya tukio, na nyingi zikapokewa na wajane na wana. Mimi sioni furaha kamili katika picha za siku ile, ingawa natambua kwamba serikali ilifanya lililo sawa. Mtu aliyengoja miaka 56 alikuwa amekwisha kuzeeka ndani ya aibu isiyo yake, na shaba haina uwezo wa kurudisha ujana.

Subira ya namna hiyo ndiyo iliyompata Koplo Albert Kunyuku. Aliingia jeshini akiwa kijana katika vita vya pili, akawa miongoni mwa Wakongo waliopelekwa mpaka Burma, na tarehe 8 Juni 2022, akiwa na umri wa miaka 100, ndiye aliyekuwa amesalia hai katika wapiganaji wote wa Kongo wa vita vile. Mfalme Philippe wa Ubelgiji, katika ziara yake ya kwanza nchini Kongo, alimvika mjini Kinshasa Nishani ya Taji kwa daraja ya kamanda. Siku mbili baadaye mfalme alikuwa Lubumbashi, akazungumza na wanafunzi wa chuo kikuu cha mji. Watu wengi walilitazama tukio la Kinshasa kwa machozi, nami siwalaumu; lakini yafaa tukumbuke hesabu yake. Watu 40,000 walivaa sare ile. Nishani yenye adhama ya kufaa ilikuja alipobaki mmoja. Aliipokea kwa niaba ya umati ambao haukuwa tena na masikio ya kusikia jina lake likitajwa, na kadiri nishani inavyokuwa ya juu ndivyo inavyoonyesha ukubwa wa deni lililokaa bila kulipwa.

Nirudi sasa kwenye komini ya Kenya na maisha ya kila siku, ambako heshima za umma huonekana kwa sura ya kawaida zaidi. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo inayo medali iitwayo ya fadhila za uraia, yenye madaraja ya dhahabu, fedha na shaba, na hutolewa kwa watumishi wa serikali na wafanyakazi wa mashirika makubwa walioutumikia umma kwa uaminifu na kwa muda mrefu. Msomaji ameshaona kwamba jina lake kwa Kifaransa ni maneno yaleyale ya kadi ya 1948. Sitasema kwamba ni kitu kilekile. Maana yake imegeuzwa, na kugeuzwa huko ni ushindi mdogo unaostahili kutajwa, kwa kuwa medali ya leo haimhoji mtu juu ya meza anayolia wala juu ya dini ya babu yake, bali juu ya kazi aliyoifanya. Utaratibu wake ni wa makaratasi: mwajiri au wizara huorodhesha majina, huambatisha ushahidi wa miaka ya kazi, majina hupelekwa katika ofisi ya ukansela wa nishani za taifa mjini Kinshasa, na yakikubaliwa, mkubwa aliyepewa wakala humbandika mtu medali kifuani kwa jina la Rais wa Jamhuri. Sherehe hufanywa kwa nyimbo na nguo mpya, na ndugu hutoka komini za mbali kuja kuona.

Na ndugu wana sababu ya kuja. Katika mji kama huu, ambako mshahara ulikuwa ukija na posho ya unga, nyumba, shule ya watoto na hospitali, kazi haikuwa mapato tu; ilikuwa nasaba. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, ambaye kwa miaka mingi amekusanya kumbukumbu za wenyeji, alikipa kitabu chake juu ya familia za wafanyakazi jina lenye maana ya wana wa Shaba walioachwa na baba yao, na kila mtu mjini alimfahamu baba huyo kuwa ni kampuni. Mrithi wa Union Minière, shirika la serikali liitwalo Gécamines, liliporomoka katika miaka ya 1990, mishahara ikakaa miezi na miezi bila kulipwa, na mwaka 2003 wafanyakazi 10,655 waliondolewa kazini kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, wakapewa malipo ambayo wengi wao waliyaona hayalingani na miaka waliyoitumia chini ya ardhi na mbele ya tanuri. Katika nyumba za watu kama hao hati ya sifa iliyotundikwa ukutani inasomwa kwa macho mawili: moja linaona fahari ya baba, jingine linaona malipo yasiyotimia. Ndiyo maana nashikilia kwamba taifa likitaka kumtukuza mstaafu na lianze kwa kumlipa haki yake, kisha limvike medali. Kwa maana medali iliyotangulia malipo humfanya mtu asimame jukwaani akishukuru huku akijua kwamba kesho atapanga foleni palepale alipopanga jana.

Nchi za jirani nazo zimelihangaikia jambo hili. Jamhuri ya Kenya ilitunga sheria ya mashujaa mwaka 2014, yenye baraza la kuwatambua mashujaa na mfuko wa kuwasaidia walio na dhiki, nami naona busara kubwa katika kuviweka viwili hivyo ndani ya sheria moja. Tanzania hukumbuka mashujaa wake kila tarehe 25 Julai. Na sisi tunaokipenda Kiswahili twakumbuka kwamba Shaaban Robert, karani wa forodha na wa ofisi za serikali ya Tanganyika, alipewa nishani ya kifalme ya Uingereza. Lakini hakuna amjuaye leo kwa nishani ile, kila mtu anamjua kwa maandiko yake.

Kuna jamaa kubwa ya watumishi wa umma ambayo orodha za ofisi haziwezi kuifikia kwa namna zilivyo. Mama anayeuza samaki wakavu katika soko la Kenya, ambaye kwa miaka thelathini ameshika daftari la mchango wa vilio, akihakikisha kwamba hakuna mfiwa wa mtaa wake anayekosa sanduku la maiti wala chakula cha wageni, hana mwajiri wa kuandika jina lake, wala hana karatasi ya kuthibitisha tarehe aliyoanza. Watu wa namna yake heshima yao hukaa katika namna wanavyoitwa na kusalimiwa, na katika nafasi wanayoachiwa kwenye kiti cha mbele. Pengine hukaa katika picha. Katika miaka ya 1970 wachoraji wa mji huu, na mashuhuri kati yao ni Tshibumba Kanda-Matulu, walichora juu ya vitambaa vya mifuko ya unga habari za Lumumba, za kiboko cha wakoloni na za wafanyakazi waliopigwa risasi mwaka 1941, na wenyeji wa komini wakazinunua kwa pesa kidogo wakazitundika sebuleni, mahali ambapo kwingine hutundikwa hati.

Pengine hukaa katika maandishi yao wenyewe. Mwaka 1965 André Yav, aliyekuwa mtumishi wa nyumbani kwa Wazungu, aliandika kwa ajili ya wenziwe waliowahi kufanya kazi hiyo habari za mji wa Élisabethville tangu mwanzo wake: waliokuja na misafara, waliopika, waliofua, waliokwenda vitani na wakubwa wao. Hakungoja orodha ya mtu yeyote. Aliyaandika kwa mashine ya chapa, kwa Kiswahili cha mji, akakipa kijitabu hicho jina la Msamiati wa Mji wa Élisabethville, na wasomi wa nchi za mbali hukisoma hata leo ili kujua jinsi mji huo ulivyojengwa.